Telekonveta: kioo kilichoitangulia picha, na namba kwenye bawa la tumbusi

Julai iliyopita nilikuwa nyumbani Nyansurura, wilaya ya Serengeti, kwa likizo ya wiki mbili. Kwa mwanafunzi wa uzamili likizo maana yake ni kuamka alfajiri kama kawaida, ila kwa ajili ya ng'ombe badala ya tasnifu. Siku ya tatu fisi wakaua ndama wa jirani usiku. Kulipokucha tumbusi (wengi wetu tunawaita tai mzoga) walikuwa wameshajaa kwenye mti mkavu ng'ambo ya bonde. Mjomba wangu, aliyechunga tangu utoto na ambaye hajawahi kuvaa miwani, akaangalia kidogo akasema:

"Yule wa tatu kutoka juu amevaa kitu."

"Amevaa nini, mjomba?"

"Cha njano. Begani. Kama kitambulisho."

Nikachukua darubini. Kweli bana. Kipande cha plastiki cha njano kwenye bawa, na juu yake maandishi meusi. Yaani kuna watafiti mahali fulani waliwahi kumshika ndege huyu, wakamvalisha namba, wakamwachia, na sasa yuko hapa kwetu anasubiri zamu yake kwenye mzoga. Nilikuwa na kamera ya kuazima na lenzi ya milimita 400. Nikapiga picha kama arobaini. Jioni nikazifungua kwenye laptop, nikavuta, nikavuta tena, na nilichopata ni kiraka cha njano chenye uchafu wa kijivu katikati. Nikamtumia mwenzangu wa maabara mmoja anayependa kupiga picha ndege. Akanijibu kwa neno moja: "Telekonveta?"

Nilikuwa nakijua kifaa chenyewe kwa kukiona tu: kipande kifupi cha bomba chenye vioo ndani, unakichomeka kati ya kamera na lenzi, na lenzi yako ya 400 inageuka kuwa ya 560 au 800. Nilidhani ni ujanja wa kisasa wa kampuni za kamera kutuuzia kitu kingine. Kumbe nilikosea kwa karibu miaka mia na hamsini.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu historia hii haieleweki

Ukubwa wa taswira ndani ya kamera unategemea vitu viwili: urefu wa fokasi wa lenzi na umbali wa kitu. Tuseme namba kwenye bawa ina urefu wa sentimita 3, na mti uko mita 300. Chukua milimita 30, zidisha kwa 400, gawanya kwa 300,000. Unapata milimita 0.04. Kamera niliyokuwa nayo ina pikseli 6,000 kwenye upana wa milimita 36, yaani kila pikseli ni milimita 0.006. Kwa hiyo namba nzima ilikaa kwenye pikseli sita au saba kwa urefu. Jaribu kuchora tarakimu 8 kwenye karatasi ya mraba ukitumia vyumba sita tu kwenda juu, halafu chora 3 na 6. Sasa ziweke mbali kidogo na umwombe mtu azitofautishe.

Ukiweka telekonveta ya 1.4, pikseli zinafika tisa. Ukiweka ya 2, zinafika kumi na tatu. Hapo tarakimu zinaanza kuwa na sura.

Woolwich, 1833

Wazo lenyewe ni la zamani sana. Johannes Kepler, katika kitabu chake *Dioptrice* cha mwaka 1611, alishaeleza kwamba lenzi mbinuko (iliyovimba katikati) ikifuatwa na lenzi mbonyeo (iliyobonyea katikati) inaweza kutoa taswira kubwa kuliko ile ambayo lenzi mbinuko ingetoa peke yake. Lenzi ya mbele inakusanya miale ili ikutane mahali fulani. Kabla haijakutana, lenzi ya nyuma inaitawanya kidogo, kwa hiyo inakutana mbele zaidi, na taswira inatanuka. Kepler alieleza kwa kalamu. Vioo vya wakati wake havikuwa vizuri kiasi cha kulifanya wazo hilo liwe na faida.

Ikapita zaidi ya miaka mia mbili. Peter Barlow alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza. Ni mtu aliyejisomesha mwenyewe, na majedwali yake ya vipeo na vipeuo ya mwaka 1814 yaliendelea kutumika hadi karne ya 20. Mwaka 1833 fundi wa darubini wa London, George Dollond, alimtengenezea lenzi mbonyeo ya kuweka ndani ya darubini, iliyoundwa kwa aina mbili za kioo ili rangi zisiachane kingoni. Mwaka uliofuata maelezo yake yakachapishwa na Royal Society. Wanajimu waliipokea vizuri, hasa waliokuwa wakipima nyota pacha, zile zinazoonekana kama nyota moja mpaka uzikuze vya kutosha. Hadi leo ukinunua darubini ya nyota, kile kipande cha kuzidisha ukuzaji mara mbili kinaitwa lenzi ya Barlow.

Sasa angalia tarehe. Daguerre alitangaza njia yake ya kupiga picha mwaka 1839. Kwa maneno mengine, telekonveta ilikuwa imeshatengenezwa na kuandikiwa makala ya kisayansi miaka kadhaa kabla umma haujajua kuna kitu kinaitwa picha ya kamera! Nilipoligundua hili nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje, nikacheka peke yangu mpaka mjomba akauliza kuna nini.

Kamera ilichukua nusu karne nyingine kufika hapo. Mwaka 1891 Thomas Dallmeyer wa London, Adolph Miethe wa Ujerumani, na nyumba ya Steinheil ya München walifikia lenzi ya telefoto karibu kwa pamoja, kila mmoja kivyake. Mfano wa namba unasaidia. Weka mbele lenzi yenye fokasi ya milimita 200. Milimita 150 nyuma yake weka lenzi mbonyeo ya milimita 100. Taswira itaundwa milimita 100 nyuma ya hiyo ya pili, ikiwa na ukubwa sawa na wa lenzi ya milimita 400. Lakini mtambo mzima una urefu wa milimita 250 tu. Hiyo ndiyo faida: urefu wa fokasi bila urefu wa bomba.

Na Dallmeyer aliuzaje uvumbuzi wake? Aliuza pia kile kipande cha nyuma peke yake, mtu akifunge nyuma ya lenzi aliyokuwa nayo tayari. Kwa maoni yangu tumezoea kusimulia hadithi hii kinyume. Tunasema kulikuwa na lenzi za telefoto, baadaye zikapata kinyongeza. Ukweli ni kwamba telefoto yenyewe ilianza maisha kama kinyongeza.

Tatizo lilikuwa mwanga, na bado ndilo tatizo. Kinyongeza hakiongezi hata chembe moja ya mwanga. Kinachukua kile kilichoingia mbele na kukitandaza kwenye eneo kubwa zaidi, kama siagi ya mkate mmoja kuipaka kwenye mikate minne. Kikikuza mara 2, eneo linakuwa mara 4 na mwanga unabaki robo. Kikikuza mara 1.4, unabaki nusu. Lenzi yangu ya f/5.6 inakuwa f/8 au f/11. Kama asubuhi ile nilipiga kwa 1/1600 ya sekunde, kwa telekonveta ya 2 ningelazimika kushuka hadi 1/400, au nipandishe ISO mara nne na kukubali chengachenga. Leo hilo linavumilika. Kwa sahani za kioo za miaka ya 1890, ambazo zilikuwa nzito kupokea mwanga, ndege asiyetulia hakupigika.

Bunduki na kamera kwenye mzigo mmoja

Nyumbani kwetu kulifikiwa na wataalamu wa ndege kabla ya telefoto, na walichokuja nacho ni bunduki. Sisemi hivi kuwalaumu. Ndege ilibidi awe mkononi ndipo apimwe, apewe jina na kuhifadhiwa. Gustav Fischer, daktari Mjerumani, alisafiri nyanda hizi katika miaka ya 1880 na kufika mpaka Ziwa Victoria. Alifariki Berlin mwaka 1886. Mwaka uliofuata Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin akampa jina la Fischer yule kasuku mdogo mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, *Agapornis fischeri*, tunayemwona mpaka leo kwenye migunga ya Serengeti. Baadaye kasuku huyu akawa bidhaa: katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani, wakiwa hai ndani ya vizimba.

Anayesimama katikati ya zama hizo mbili ni Carl Georg Schillings. Mwanzoni mwa karne ya 20 alizunguka nyika za Wamaasai na maeneo ya Kilimanjaro akiwa na kamera, sahani za kioo, unga wa magnesi wa kutolea mwako usiku, lenzi za telefoto, na bunduki. Kitabu chake cha mwaka 1905 kinaitwa kwa Kijerumani *Mit Blitzlicht und Büchse*, yaani "Kwa flashi na bunduki", na jina hilo linasema yote. Aliua wengi na kupiga picha wengi, kisha akaja kuwa mtetezi mkali wa wanyamapori, akipinga pia biashara ya manyoya ya ndege kwa kofia za mabibi wa Ulaya. Lakini fikiria uzito wa sahani za kioo kwa mamia, na hakuna barabara. Zilibebwa vichwani na wapagazi wetu, na sahani ikivunjika picha imekwisha. Schillings tunamjua mpaka mji aliozaliwa. Waliobeba, tunajua walikuwa wengi.

Wengine waliona ujinga kuhangaika na lenzi ndefu yenye giza. Cherry na Richard Kearton, ndugu wawili wa Uingereza, mwaka 1900 walitengenezewa ng'ombe wa bandia kwa ngozi halisi, mpiga picha anaingia tumboni na kamera yake, ndege wanakuja karibu bila wasiwasi. Mwaka 1909 Cherry alifika Afrika Mashariki. Nilimsimulia mjomba habari za ng'ombe huyo. Akasema kwa Nyansurura mtu akijificha ndani ya ng'ombe atajikuta ameibiwa yeye.

Nyakati za Serengeti

Januari 10, 1959, Michael Grzimek alikuwa akirusha ndege yake ndogo, Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia, akitoka kwenye kazi ya kuhesabu wanyama. Akagongana na tumbusi angani. Akafa, akazikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Filamu aliyokuwa akiitengeneza na baba yake, Bernhard, *Serengeti darf nicht sterben*, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Nimeitaja ajali hii kwa sababu tumbusi hupaa kwenye anga lile lile ambalo marubani wetu hutumia. Miaka ya 1970 mwanazuoni Colin Pennycuick aliamua kulitumia jambo hilo kwa faida: akaruka pamoja na tumbusi juu ya Serengeti kwa glaida yenye injini, akipima jinsi wanavyopanda kwenye hewa ya moto. Huyo hakuhitaji lenzi ndefu. Alihitaji moyo.

Kati ya matukio hayo mawili kuna lingine ninalolipenda zaidi. Mwaka 1966 Hugo van Lawick na Jane Goodall, waliokuwa wanandoa wakati ule, waliona huku Serengeti tumbusi weupe wa Misri wakiokota mawe kwa mdomo na kuyatupa juu ya mayai ya mbuni mpaka yavunjike. Ndege anayetumia zana! Wakaandika kwenye jarida la *Nature* mwaka huo huo. Van Lawick alikuwa mpiga picha, na picha zake zilifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na ngozi ya ndege kwenye droo ya makumbusho: mtu aliyeko mbali anaweza kuangalia na kukubali au kukataa. Ila picha ina ziada. Ngozi ya tumbusi aliyepigwa risasi isingekwambia kamwe kwamba alikuwa anarusha mawe.

Miaka hiyo hiyo telekonveta ilizaliwa upya, safari hii kama kifaa cha mtu wa kawaida. Kamera za filamu za milimita 35 zenye kioo ndani, kama Nikon F ya mwaka 1959, zilikuruhusu kubadili lenzi na kuona kupitia lenzi ile ile unayopigia. Viwanda vya Japani vikatoa telekonveta za bei nafuu za kuchomeka kwenye kamera za aina nyingi. Nyingi zilikuwa mbovu. Telekonveta inakuza kila kitu, pamoja na kasoro za lenzi iliyo mbele yake, halafu inaongeza zake. Sifa mbaya ya "chini ya chupa" ilitoka hapo, na bado unakuta wazee wa kamera wanaikunjia uso. Dawa ilikuja pale watengenezaji walipoanza kuisanifu telekonveta kwa ajili ya lenzi maalumu, zikaoana kama kufuli na ufunguo. Ndiyo maana siku hizi nyingi hazikubali kuingia kwenye lenzi ndogo za kawaida: kioo chake cha mbele kinachomoza na kingegonga.

Halafu ikaja fokasi ya kujiendesha, na shida mpya. Kamera nyingi za kioo zilihitaji angalau f/5.6 ndipo fokasi ifanye kazi, zilizo bora f/8. Ukifika f/11, kamera inahangaika mbele na nyuma na ndege anaondoka. Kamera zisizo na kioo cha kurukaruka zimelimaliza hilo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu zinatafuta fokasi kwenye kihisi chenyewe. Mwaka 2020 Canon walitoa lenzi za milimita 600 na 800 za f/11, ambazo ukiziwekea telekonveta ya 2 unafika f/22 na fokasi bado inafanya kazi. Na mwaka 2013 walikuwa wameshatoa lenzi ya 200-400 yenye telekonveta ya 1.4 ndani yake, unaiingiza kwa swichi. Bei yake tusiizungumzie, tuna mikopo ya bodi.

Kwa nini namba

Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa kwa pamoja kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wakiwemo tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell, ambao ndio wengi kwenye mizoga ya Serengeti. Sababu kubwa kwa upande wetu ni sumu. Fisi au simba anaua ng'ombe, mwenye ng'ombe kwa hasira anamwagia mzoga dawa ya wadudu, na wanaokuja kwa wingi kuliko wote ni tumbusi. Mzoga mmoja unaweza kuua makumi. Upande wa Kenya, Maasai Mara, Corinne Kendall na Munir Virani waliwavalisha tumbusi vitambulisho vya bawa na wengine vifaa vya GPS ili kujua wangapi wanapona. Ndege hawa hawajui mpaka. Wanalala Kenya, mchana wako Tanzania. Kifaa cha GPS ni ghali, kwa hiyo wanaovalishwa ni wachache. Kitambulisho cha plastiki ni rahisi, ila kina sharti moja: lazima mtu akisome.

Sasa rudi kwenye mti mkavu. Ndama ameuawa na fisi, mwenye ndama ana hasira, na kila mtu kijijini anajua kuna njia gani. Nilikuwa na wasiwasi ambao sikuusema. Mjomba ndiye aliyeusema, akiwa kwa jirani, mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida kabisa: mzoga ule usiguswe na kitu, mbwa wa watoto wetu wanapita pale. Hakutaja tumbusi hata mara moja.

Nilipata telekonveta ya 2 siku mbili baadaye, kwa jamaa anayeongoza watalii Mugumu, kwa ahadi ya kuirudisha kabla ya Ijumaa. Nikajifunza kwa uchungu jambo ambalo hesabu yangu ya pikseli haikulijumuisha. Saa nne asubuhi ardhi imeshapata moto, hewa juu yake inacheza kama maji, na telekonveta inakuza huo mchezo pia. Picha za saa hiyo zilikuwa mbaya kuliko zile za kwanza. Kesho yake nikawa pale saa kumi na mbili na nusu, baridi, lenzi juu ya mfuko wa mchanga, sipumui ninapobonyeza. Mifupa ilikuwa imebaki, na tumbusi sita. Wa njano alikuwepo, mzima, ananyoosha mabawa apate jua.

Herufi ya kwanza ilisomeka. Tarakimu ya kwanza pia. Ya mwisho ilikuwa na unyoya umeikata katikati: ama 3 ama 8. Nikamwonyesha mjomba kwenye kioo cha kamera, akaikodolea macho muda mrefu.

"Andika zote mbili," akasema, "halafu mwambie huyo mwenyewe kwamba mnyama wake alikula, akashiba."

Nimeandika zote mbili.